Nafasi Tupu Ziende Mlangoni

Majina ya watu nayakumbuka yote. Shule sikuendelea nayo, nilifika darasa la tatu nikatolewa nikabebe wadogo wangu, lakini majina hayanipotei. Nionyeshe mtu yeyote aliyehamia mtaa wetu wa Umoja wakati nyumba bado zinanuka saruji mbichi, nami nitakutajia jina lake la ubatizo, la nyumbani kwao, la baba yake, na lile ambalo watoto wa mtaa walimbandika akiwa hasikii. Hapa hata hivyo sitaandika hata moja. Wenyewe sijawaomba ruhusa, na wengine wana mdomo. Nitasema mjukuu wangu, nitasema rafiki yangu, na inatosha.

Huyo mjukuu wangu ni kinyume changu. Jina la mtu halikai kichwani mwake hata ulisukume kwa chai.

"Shosho, kuna mtu alikuja kukuuliza."

"Nani?"

"Ule mathe wa geti ya bluu. Juu, mlango wa mwisho."

"Ana jina huyo mama."

"Jina sijui. Lakini anaishi hapo."

Nilimgombeza mara nyingi. Nilimwambia mtu si geti. Yeye anacheka tu, anaingia ndani, anaacha viatu katikati ya mlango nije nivikwae.

Alikuja kukaa kwangu alipoanza masomo ya kompyuta huku mjini. Nyumba yangu ni ile ya zamani ya Umoja, tuliyoiongezea vyumba mbele na nyuma na juu mpaka jua likatafuta pa kuingilia. Chumba cha dirishani ndicho nilichompa. Siku ya kwanza alitoa kitambaa changu cha kufuma kwenye meza, kile cheupe chenye maua pembeni, akakikunja akanirudishia, ati kinateleza chini ya kompyuta yake. Nikakiweka juu ya redio. Nikajiambia, huyu ametumwa kunifundisha uvumilivu.

Shule yenyewe sikuielewa. Niliuliza mwalimu ni nani, akasema hakuna mwalimu. Nikauliza basi nani anawafundisha.

"Tunafundishana, shosho."

"Na nani anasahihisha?"

"Mwenzako anakaa chini na wewe, anakuuliza maswali, anajaribu kuvunja ile kitu umetengeneza. Akishindwa kuivunja, mashine pia inajaribu. Ukipita wote wawili, umepita."

Nilidhani amelaghaiwa. Nikampigia mama yake, ambaye ni binti yangu, yuko Nakuru na duka la misumari na mabati. Binti yangu akasema alishaenda akaiona hiyo shule kwa macho yake, ni ya kweli, ila yeye moyo wake haujakubali. Alitaka msichana akae dukani. Duka linakua, na mtu wa kuaminika kaunta hapatikani ovyo.

Sasa nikuambie jambo lilipofika. Kulikuwa na kazi moja ambayo lazima kila mwanafunzi aimalize ndipo avuke kwenda mbele. Mjukuu wangu aliipeleka mara ya kwanza, akaanguka. Akaipeleka mara ya pili, akaanguka pale pale. Shule inaruhusu mara tatu. Ukianguka ya tatu unatoka, na kiti chako kinapewa mwingine anayengoja. Mama yake naye akasema kwa simu, sauti kubwa mpaka nikasikia nikiwa jikoni, "Ukitoka huko unakuja Nakuru siku hiyo hiyo. Hakuna kukaa kwa mama yangu ukihesabu matatu zinazopita barabarani."

Mimi nilirudi kwa sufuria zangu. Lakini nilikuwa na sababu zangu za kutaka apite, na hazikuhusu kompyuta. Huyu mtoto huimba akiosha vyombo, tena hivyo vyombo havitakati. Huacha vikombe vya chai nusu kila mahali, kimoja dirishani, kimoja kando ya kitanda, kimoja nilikikuta bafuni. Asubuhi akiamka huja kuketi kwenye kitanda changu kabla hata hajanawa uso, ananisimulia ndoto zisizo na kichwa wala miguu. Akienda Nakuru nitabaki na redio na wapangaji wa juu, ambao kazi yao ni kuburura viti.

Basi ile kazi. Alinieleza akiwa ameketi mezani na mimi nikimenya minji, zile njegere mbichi, kwenye sinia. Kunieleza ilikuwa ni sehemu ya masomo, usidhani ni adabu. Shuleni waliambiwa, ukikwama, mweleze mtu asiyejua chochote, polepole, kila hatua, na mara nyingi utaliona kosa lako mwenyewe ukiwa unaongea. Asipokuwepo mtu, mweleze hata mdoli.

"Wenzangu wana bata la plastiki kwa meza," akasema. "Mimi nina wewe."

"Kwa hiyo mimi ni bata?"

"Bata mwenye maswali, shosho. Hiyo ndiyo shida. Bata la plastiki haliulizi."

"Endelea kuongea na bata wako, minji ikiisha bata anaondoka."

Akaeleza. Wanaandika kwa lugha inayoitwa C, herufi hiyo moja tu. Lugha hiyo tayari ina chombo chake cha kuandikia mambo kwenye kioo, ukikiambia andika neno kinaandika neno, ukikiambia andika hesabu kinaandika hesabu. Kazi yao ilikuwa kukitengeneza upya kwa mikono yao wenyewe, na chao kiandike sawasawa na kile cha asili, bila tofauti hata ya nafasi moja.

"Kama kipo, mbona mnatengeneza kingine?"

"Ndiyo tujue kinafanya aje."

Hilo nililielewa. Mimi pia nilishonea wanangu sare na huku zimejaa madukani.

Kila kitu chake kilikuwa kinapita isipokuwa kimoja, na hicho kinaitwa pointa. "Ndani ya kompyuta ni kama mtaa," akaniambia. "Kila kitu kina mahali kinakaa. Sasa pointa haibebi kitu chenyewe. Inabeba namba ya nyumba."

"Kwa hiyo pointa ni wewe."

"Aje?"

"Jina la mtu hulijui, geti lake unalijua."

Alicheka mpaka akamwaga chai mezani, tukakimbia kuokoa kompyuta kwa kanga yangu.

Hizo namba za nyumba za kompyuta si kama zetu. Zina tarakimu na zina herufi ndani yake, a mpaka f. Kwa sababu hiyo mbele yake huwekwa sifuri na ile herufi eksi, ziwe zinatangulia, zikimwambia msomaji: hii inayokuja si hesabu ya kawaida, isome kwa namna yake. Hapo hakuna shida. Shida ilianza chombo kikiambiwa kiandike namba hiyo ndani ya nafasi pana, tuseme nafasi za herufi ishirini. Namba yenyewe ni fupi. Inatakiwa isogezwe mpaka mwisho wa kulia, na zile nafasi zinazobaki ziachwe tupu upande wa kushoto, ili ukiandika namba nyingi, moja chini ya nyingine, zisimame kwenye mstari kama askari.

Zake hazikusimama. Aligeuza kompyuta nikaona. Juu zilikuwa zimeandikwa zile za chombo cha asili, zimenyooka. Chini zake. Sifuri na eksi zilikuwa zimeachwa peke yake kushoto kabisa, kisha pengo refu tupu, kisha namba iko mbali kule kulia, tena imetokeza nje ya mstari kama jino lililoota vibaya.

"Si uifute hiyo sifuri na eksi," nikamshauri. "Ndiyo inaleta fujo."

"Shosho! Bata haongei."

"Bata anasaidia."

"Nikiifuta nimeanguka zaidi."

Nikarudi kwa minji zangu. Siku zilizofuata alipunguza hapa, akaongeza pale. Alipoondoa lile jino, zile namba fupi zikaharibika. Alipozitengeneza zile fupi, zile zinazotakiwa kusukumwa kushoto zikaharibika. Alikuwa anaongea nami kidogo kidogo, halafu akawa haongei. Kuimba kwenye vyombo kukaisha. Vikombe vikawa havinywewi hata nusu, vinarudi vimejaa vilevile, na ngozi ya maziwa imetanda juu.

Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu kukaribisha jumuiya. Sisi huzunguka, wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, tunasali rozari, tunasoma neno, tunakunywa chai, tunasengenya kidogo tukijifanya tunaombeana. Kwangu kuna benchi refu la mbao alilotengeneza marehemu mume wangu, linalotoka karibu na mlango mpaka kwenye meza ndogo ya mshumaa na msalaba. Na tuna desturi yetu, haijaandikwa popote lakini ole wako uivunje: watu hukaa kuanzia mezani, wakijaza wakija kuelekea mlangoni. Nafasi tupu hubaki mlangoni. Anayechelewa huingia akaketi pale pale, asipite mbele ya watu wanaosali akiwapepea na sketi.

Nilimwita mjukuu wangu atoke kwenye ile kompyuta yake anipangie watu.

"Shosho, Jumamosi ndiyo naangaliwa. Jumamosi!"

"Na leo ni Alhamisi. Panga mito kwenye benchi, kila mzee na mto wake. Nenda."

Akaenda, uso umekunjamana kama nguo iliyokaushiwa kwenye ndoo. Alipanga mito. Mimi nilikuwa jikoni na chai.

Sasa kuna rafiki yangu mmoja. Tuliuza viazi pamoja soko la Gikomba, upande wa Majengo, wakati mgongo wangu ulikuwa bado unanitii. Macho yalimwacha miaka iliyopita, yote mawili. Huja na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pili, mwanamke mpole mwenye sauti ya chini. Mkwe hutangulia, rafiki yangu hufuata akimshika mkono. Na huyo mkwe ndiye macho yake hapo ndani: humnong'oneza ni nani ameingia, nani amevaa nini, nani amesinzia, padre ametuma nani. Rafiki yangu akiambiwa, ndipo humgeukia mtu na kumsalimia. Bila hiyo hunyamaza, kwa sababu hataki kusalimia ukuta.

Walifika. Mjukuu wangu akawapokea mlangoni kwa heshima zote, akamshika mkwe akamketisha pale mlangoni kwenye kona ya benchi, pasipo na mto. Nadhani aliona huyu bado ana nguvu, atasaidia kufungulia watu. Halafu akamchukua rafiki yangu akampeleka polepole mpaka mwisho, karibu na meza ya mshumaa, penye mto mnene kuliko yote. Kati yao akaacha benchi lote tupu kwa watakaokuja.

Nilitoka jikoni na birika, nikamkuta rafiki yangu ameinua mkono wake wa kushoto. Anaupeleka pembeni polepole, vidole vimefunguka, anatafuta mtu wa kushika. Hakuna mtu. Mkono unakwenda hewani tu, unarudi, unakwenda tena. Na yule mkwe kule mlangoni ameshika mkoba, hajui ainuke au akae, maana ameketishwa na mjukuu wa mwenye nyumba.

"Wewe!" nikamwita mjukuu wangu. "Umewatenganisha hawa?"

"Nimemweka karibu na meza, shosho, ndiyo nafasi nzuri."

"Na wa mbele yake umemwacha wapi? Hawa wawili ni kitu kimoja. Walete pamoja hapa mwisho. Nafasi tupu ziende mlangoni."

"Lakini mito imeisha. Nilihesabu wazee tu."

"Na huyu anayemshika mkono si mtu? Haketi? Benchi halimbebi? Mhesabu!"

Rafiki yangu, ambaye masikio yake ni mazuri kuliko yangu, akacheka. "Usimkaripie mtoto. Nilidhani nimekufa nimewekwa karibu na mshumaa peke yangu."

Watu waliokuwa wakiingia wakacheka. Mkwe akaja, akaketi kushoto kwake, mkono ukapata mkono, naye rafiki yangu akaanza hapo hapo kusalimia watu kwa zamu. Mimi nikamjibu kwa majina yake yote manne kama kawaida yetu, tukaanza sala.

Tulikuwa hata hatujamaliza fungu la kwanza nikamwona mjukuu wangu amesimama mlangoni na rozari mkononi, mdomo umeacha kusali. Anaangalia benchi. Anaangalia kule wawili walikokaa wamebanana, kisha anarudisha macho kwenye nafasi tupu huku mlangoni, kisha anawaangalia tena wale wawili. Nikadhani amechukia kwa kukaripiwa mbele ya watu. Nikamkazia macho asali. Hakuniona. Midomo yake ilikuwa inasema maneno, lakini hayakuwa Salamu Maria.

Amina ya mwisho haijatua, alishapotea chumbani. Chai niliigawa mimi na yule mkwe.

Wageni walipoondoka nilikwenda kumgombeza sawasawa, sinia ya vikombe vichafu ikiwa mkononi. Jua lilikuwa bado dirishani. Alikuwa ameinama kwenye kompyuta, anaandika kwa kasi, na aliposikia mlango hakugeuka.

"Shosho, kaa. Kaa hapo. Kuwa bata."

"Leo bata amekasirika."

"Kaa kwanza! Nilikuwa nafanya vile vile nilivyofanya na wale wawili. Vile vile! Nikiona tu pointa, naandika sifuri na eksi haraka haraka, hapo mlangoni. Nishamketisha. Halafu namba ndiyo naipeleka mbele, kwa ile sehemu inajaza nafasi. Na hiyo sehemu inaangalia namba peke yake. Haijui kuna mwenzake ameachwa nyuma. Kwa hivyo inajaza nafasi katikati yao."

"Na lile jino?"

"Sikuwa nimemhesabu! Kama vile mito. Nafasi ni ishirini, lakini sifuri na eksi nao wanakalia mbili, na mimi nilizihesabu zote ni za namba. Ndiyo maana inatokeza nje."

"Sasa utafanyaje?"

"Kwanza nawashikanisha mikono. Naunganisha sifuri, eksi na namba, wawe neno moja, kabla sijaandika chochote. Nalipima hilo neno lote. Zinazobaki, ndiyo nafasi tupu. Naziweka mlangoni, halafu nawaandika wawili pamoja."

Nikamuuliza mbona hakufanya hivyo tangu mwanzo, ni jambo jepesi. Akanitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama bata kweli.

"Nilidhani kosa liko kwenye kuhesabu, shosho. Nikahesabu, nikahesabu. Kumbe ni vile nilikuwa na haraka ya kuandika."

Akabonyeza. Kioo kikaandika safu ya juu na safu ya chini. Nikavaa miwani. Zilikuwa zimenyooka zote, sifuri na eksi zimeng'ang'ania namba zao kama mtoto na sketi ya mama.

"Imekubali!" akapiga kelele. Akanikumbatia na sinia yangu ya vikombe vichafu, kimoja kikaanguka kikavunjika sikio. Sikumgombeza tena. Nilikuwa nimesahau nilichojia.

Lakini furaha hiyo haikuwa kupita. Kupita ni Jumamosi.

Aliyekuja kumwangalia ni mwanafunzi mwenzake, kijana mrefu wa mtaa wa Donholm, na kwa kuwa shule yao imefungwa Jumamosi walikubaliana waketi kwangu. Aliingia akisema "Niaje" kwa sauti ya barabarani, akaniona, akaimeza. "Habari ya leo, shosho. Hamjambo hapa."

"Hatujambo. Karibu."

"Nimesikia hapa kuna bata."

"Bata ndiye amekupikia chapati," nikamjibu. "Kwa hiyo vunja pole pole."

Alicheka, lakini hakuvunja pole pole. Nilimpenda baadaye, ila saa ile nilitamani chapati imkwame kidogo, si sana. Aliketi kwenye kiti cha mjukuu wangu, mjukuu akasimama nyuma yake ameshika mikono yake mwenyewe. Mimi nilijifanya nafuma mlangoni.

"Upana thelathini," kijana akasema, akaandika. Ikanyooka.

"Sasa sukuma kushoto, nafasi ziwe nyuma." Ikanyooka.

"Sasa nakubana. Nafasi tano tu, na namba ni ndefu." Namba ikatoka nzima, haikukatwa, haikujazwa.

"Ulifanya aje hapa? Nieleze."

Akamweleza. Alisema kuunganisha kwanza, kupima yote, kujaza mwisho. Habari ya benchi hakuisema, na mimi pia nilijizuia, ingawa ulimi uliniwasha.

Kijana akatafuna chapati. Halafu akasema, "Na pointa isiyoelekeza popote?"

Mjukuu wangu aliushika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Baadaye alinieleza: kuna pointa isiyo na nyumba ya kutaja, na hiyo chombo cha asili hakiiwekei sifuri na eksi. Huandika neno fupi tu, nil, ndani ya mabano. Alishaliweka hilo siku nyingi nyuma. Ila alipopangua kazi yake Alhamisi na kuipanga upya, hakukumbuka kulijaribu likiwa na nafasi pana. Mimi saa ile sikujua lolote kati ya hayo. Niliona tu alivyoking'ang'ania kile kiti, nikaacha kufuma.

"Upana ishirini," kijana akasema, "isiyoelekeza popote, halafu isukumwe kushoto." Akaandika yote pamoja, moja juu ya nyingine, mwuaji huyu. Akabonyeza.

Akasogeza uso karibu na kioo akahesabu nafasi kwa ncha ya kidole, midomo ikicheza. Wapangaji wa juu wakaburura kiti. Nilitaka kupanda ngazi niwafunge kamba.

"Imepita," akasema. "Mbona imepita? Yangu ilikwama hapa wiki nzima."

"Inapita njia moja na zingine," mjukuu wangu akajibu polepole, kama anayejieleza mwenyewe. "Neno likishakuwa tayari, kile kinachojaza hakijali ni neno gani. Kinapima tu, kinajaza."

Kijana akatikisa kichwa, akaandika alama zake, kisha wakaiachia mashine ya shule nayo ijaribu. Hapo ndipo palikuwa parefu. Kuna kitu kinazunguka kwenye kioo, kinazunguka, hakisemi. Mjukuu wangu alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu akaweka kichwa kwenye goti langu, mtu mzima huyo, mbele ya mgeni. Nikaweka mkono kwenye nywele zake. Kijana alitazama ukutani kwa adabu.

Kioo kilipobadilika ni yeye aliyesoma. "Umepita. Zote."

Mjukuu wangu hakuruka wala hakupiga kelele safari hii. Alibaki pale pale kwenye goti langu akilia, na mimi namsugua mgongo, namwambia inuka, chapati zinapoa, mgeni atamaliza.

Mama yake alipigiwa simu na spika ikawashwa. Kulikuwa na kelele za mtu anayekata bati. "Amepita?" akauliza, kana kwamba nitamdanganya. Nikamwambia amepita, tena kuna shahidi hapa amekula chapati nne. Bati likakatwa, likakatwa. Mwishowe akasema, "Haya. Basi aendelee." Kisha, "Mama, mwambie nimefurahi. Mwambie wewe, mimi nitalia dukani."

Kijana alipoondoka niliomba nionyeshwe tena. Nilitaka kuitazama ile namba vizuri, bila hofu. Ilikuwa pale, ndefu, na herufi zake katikati. Nikauliza hiyo ni nyumba ya nani.

"Si ya mtu, shosho. Ni mahali tu ndani ya hii kompyuta. Tena ona." Akabonyeza. Namba ikawa nyingine.

"Imehama?"

"Kila nikiiwasha programu, inapewa mahali pengine. Haikai hapo hapo."

Akabonyeza tena nione. Ikahama tena. Nikamtazama, macho yamevimba, unga wa chapati shavuni. Nyuma ya mlango wa chumba chake kulikuwa na mfuko ule mkubwa wa safari. Nilikuwa nimeuona tangu Jumatatu nikifagia, nguo zimekunjwa ndani vizuri kuliko anavyowahi kuzikunja, na sikuwa nimemuuliza.

"Hiyo ihame inavyopenda," nikamwambia. "Wewe toa nguo zako kwenye huo mfuko, uzirudishe kabatini."